Huyu dogo si mvivu

Najua nimepotea. Testi zimenikaba wiki tatu mfululizo, bumu limechelewa kama kawaida yake, na kama kuna aliyedhani nimedisko, pole yake, bado nipo. Leo siandiki habari za hosteli wala za msosi wa kantini. Kuna jambo la nyumbani limenikaa rohoni tangu wikiendi niliyoteremka Holili, na nisipolitoa hapa hata kitabu hakitafunguka.

Kwa wasiopajua kwetu: unapanda gari Moshi, unapita Njia Panda, unaiacha Himo na magunia yake ya mahindi, unakwenda mashariki mpaka barabara inakufikisha mpakani. Mbele yako Taveta, mgongoni kwako mlima, kama mawingu yamekubali. Watu wakisikia Uchagani wanawaza migomba na baridi. Migomba iko juu huko, Mwika na Mkuu. Holili ni tambarare, jua na vumbi, na watu wanaoishi kwa kuuza na kununua pande mbili.

Dada yangu ana kibanda cha nyanya, vitunguu na ndizi. Jumamosi ile nilikuwa nimekaa naye, na mwanawe, yaani mpwa wangu, alikuwa anapanga nyanya kwenye mafungu. Ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Akaja mama mmoja wa upande wa pili, akachukua vitu vya shilingi 6,200, akatoa noti ya 500 ya Kenya. Siku hiyo pale walikuwa wanabadilisha shilingi moja ya Kenya kwa 19 za kwetu. Mimi mtu wa chuo kikuu nikaanza kupapasa mfuko nitoe simu nipige hesabu. Dogo hakuinua hata macho. "Mama, mrudishie elfu tatu na mia tatu." Piga mwenyewe uone kama alikosea.

Basi jioni nikamwambia alete daftari la Kiswahili tusome. Hapo ndo nilipoona kitu ambacho sijakisahau.

Kwanza alinisomea ukurasa mzima wa kitabu vizuri kabisa, bila kukwama. Nikataka kumpongeza, halafu nikaangalia kidole chake. Kidole kilikuwa mstari wa pili, mdomo ulikuwa wa nne. Alikuwa ameukariri ukurasa wote kwa kusikia wenzake darasani! Nikafungua ukurasa mwingine ambao hawajaufikia. Akafika kwenye neno "walimkimbilia". Wa... li... wa-li-ki... akarudi mwanzo... wa-li-m... Akafuta jasho. Akarudi tena. Mwishowe akasema, "Mjomba, tumbo linauma."

Nikachukua daftari la imla. Kwenye ukurasa mmoja, siku moja, neno "shamba" limeandikwa "shaba", chini yake "shama", na chini zaidi "shamab". Jina lake mwenyewe juu ya daftari lilikuwa na herufi mbili zilizobadilishana nafasi. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: "Mvivu! Mwambie mzazi aje shule."

Dada hakunilaumu mimi wala mwalimu. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Nimemchapa, nimemnyima kucheza, nimemlipia tuisheni. Jirani ananiambia nimpeleke akaombewe, eti amefungwa. Wewe ndiye unasomea ualimu, mdogo wangu. Niambie huyu mtoto ana nini."

Wadau, sikuwa na jibu. Nasomea kufundisha Historia na Kiswahili sekondari, niko mwaka wa pili, na jambo hili darasani tulilipitia kama gari la Rombo linavyopita kituo kisicho na abiria. Slaidi mbili, mtu akasoma jina gumu, tukaendelea. Nilirudi Moshi nikaingia maktaba, na haya ninayoandika ndiyo niliyoyatoa huko, pamoja na maoni yangu ambayo mnaruhusiwa kuyapinga.

Jina gumu lenyewe ni disleksia. Ni ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika unaompata mtoto mwenye akili nzuri tu, anayeona na kusikia sawasawa, na aliyefundishwa kama wenzake. Ugumu unapolalia zaidi upande wa kuandika wengine wanauita disgrafia, lakini mara nyingi viwili hivi vinatembea pamoja. Mtoto anazaliwa nao, na mara nyingi uko katika ukoo. Makadirio mengi ya watafiti yako kati ya watoto 5 na 10 katika kila 100, ingawa inategemea unaweka mstari wapi. Kiwango cha serikali yetu ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi. Chukua hata kadirio la chini: katika kila darasa la watoto 45 kuna wawili. Sasa kumbuka darasa lako ulilosoma na uniambie walikuwa akina nani. Mimi wangu nimeshawakumbuka, nitafika huko.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha zamani sana. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika kwenye jarida la madaktari wa kwao habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana mchangamfu, hodari wa michezo, amefundishwa kusoma miaka saba nzima na bado anahangaika na maneno mafupi. Hesabu anazipenda na hazimsumbui. Akiandika jina lake anaandika "Precy". Na mwalimu aliyemfundisha kwa miaka kadhaa alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya kusikiliza na kujibu kwa mdomo, huyo ndiye angekuwa mwenye akili kuliko wote shuleni. Nilisoma hapo nikafunga kitabu kwanza. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, bara lingine, lugha nyingine, na ni dogo wetu huyu huyu wa kibanda cha nyanya.

Daktari yule aliuita upofu wa maneno, akadhani tatizo liko kwenye kumbukumbu ya kuona. Siku hizi watafiti wengi wanasema shida kubwa haiko machoni bali kwenye sauti. Kuongea tumezaliwa nako, mtoto hafundishwi kwa chaki. Kuandika ni kitu ambacho binadamu amekibuni juzi tu, miaka elfu tano hivi, kwa hiyo hakuna aliyezaliwa na sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa kusoma. Kila mtoto lazima aijenge upya: akate neno analolisikia kuwa vipande vidogo vya sauti, kila kipande akifunge kwenye herufi yake, arudie mpaka kazi ijiendeshe yenyewe bila kufikiri. Wengi wetu tulivuka daraja hilo mpaka hatukumbuki lilikuwepo. Mtoto mwenye disleksia vipande vinamponyoka. Anasikia "shamba" vizuri, analitamka vizuri, lakini ukimwambia atoe sauti moja moja na kuzipanga, zinachanganyika mkononi mwake.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Sisi tuna msemo mmoja unaowaumiza watoto hawa kuliko fimbo: "Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa." Nimeusema mimi, umeusema wewe, mwalimu wako aliusema. Na ni kweli! Ukijua ba be bi bo bu na wenzake, unasoma chochote. Mwingereza anaandika herufi ambazo hazitamki, sisi hatuna ujinga huo. Ila kutokana na ukweli huo tunatoa hitimisho baya: kama ni rahisi hivi, basi asiyeweza ni mvivu au mjinga. Hakuna nafasi ya tatu.

Mwaka 2001 watafiti walichapisha katika jarida la Science kazi waliyofanya kwa watu wenye disleksia wanaozungumza Kitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Kitaliano ni kama Kiswahili, maandishi yake yananyooka. Waligundua kwamba Wataliano walikosea kidogo kuliko wenzao, wakasoma vizuri zaidi. Lakini walipopima ubongo wakati wa kusoma, wote walionyesha upungufu ule ule, sehemu ile ile. Lugha rahisi haikuondoa tatizo, ililifunika. Katika lugha za namna hiyo mtoto mwenye disleksia mara nyingi hakosei sana, ila anasoma polepole mno, kwa jasho, na anachoka. Sasa niambieni, mtoto anayepatia silabi lakini anachukua dakika tano kumaliza sentensi moja, sisi tunamwitaje? Mvivu. Wino mwekundu ule ule.

Na Kiswahili chetu kina mtego wake. Angalia neno "hawakumwandikia". Mwingereza hapo ana maneno matano au sita, kila moja na nafasi yake ya kupumulia. Sisi tumeyaunganisha yote kama mabehewa, hakuna stesheni njiani. Msomaji ambaye silabi zinamponyoka akifika "-dikia" ameshapoteza "hawaku-", na sijui kama unaona, kwenye "hawaku-" ndiko ilikokaa habari yote: walimwandikia au hawakumwandikia. Ndo maana darasa la kwanza dogo alionekana anaenda vizuri. Ba be bi bo bu alikariri. Maneno marefu yalipoanza, akaachwa.

Hata utafiti wa kwetu upo. Mwaka 2003 Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha kazi yao kuhusu makosa ya tahajia ya watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili, na ujumbe wao umo kwenye kichwa cha makala yenyewe: kujifunza tahajia ya lugha inayoandikwa kwa utaratibu si kazi ndogo. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita! Na mimi nakaa darasa la ualimu sijawahi kusikia.

Hapa nitoe angalizo, maana kuna mwalimu atasoma halafu aone disleksia kila kona. Lafudhi si ulemavu. Mtoto akiandika "samani" badala ya "thamani", au "zambi" badala ya "dhambi", usimpeleke popote. Huyo anaandika anavyosema, na anavyosema ndivyo nyumbani kwao wanavyosema. Kwa kweli kosa hilo ni habari njema: sikio lake linakata sauti na kuzifunga kwenye herufi bila matatizo, anachohitaji ni kufundishwa matamshi. Huku kwetu, ambako Kichaga kinatangulia kwenye nyumba nyingi, makosa haya yamejaa, na hata hapa chuoni yapo, msijifanye. Tofauti ni yule wa "shaba, shama, shamab". Yeye hana kosa moja analolirudia. Kila siku ana jipya. Na hata hilo kwa mtoto wa darasa la kwanza si ajabu, wote wanaanza hivyo. Ni pale wenzake wanapolivuka na yeye mwaka wa nne bado yuko palepale, ndipo ujiulize.

Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, mtu wa uchumi, nilipomsimulia alinicheka. Akasema magonjwa ya wazungu hayo, sisi tatizo letu ni walimu wachache na vitabu hakuna. Akanikumbusha mwaka 2012, nchi nzima ilipopigwa na butwaa kusikia kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. "Wote hao nao wana hiyo disleksia yako?"

Bwana huyu ana haki nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Hapana, wengi wao hawakuwa nayo. Wengi walikuwa hawajafundishwa, basi. Ndiyo maana baada ya hapo serikali ikaja na mkazo wa KKK, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa ili watoto washike kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu. Sina ugomvi na hilo, ni jambo zuri. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 watoto wakamiminika, na kuna mwalimu anayesimama mbele ya watoto mara mbili ya wale 45 wa kwenye vitabu. Ukimwambia mwalimu huyo achunguze mtoto mmoja mmoja atakuona umetoka mbinguni.

Nusu ya pili ndipo ninapompinga. Kwa sababu wengi hawajafundishwa, tumemficha humo humo yule aliyefundishwa na bado hawezi. Wote wanaitwa "hawajui kusoma", wote wanapewa dawa moja: rudia, ongeza sauti, ongeza fimbo. Lakini wa kwanza ukimpa mwalimu mzuri na kitabu, baada ya miezi kadhaa anaondoka. Wa pili ukimpa hivyo hivyo anabaki. Hiyo yenyewe ni kipimo, tena haihitaji mashine. Wafundishe wote vizuri, halafu angalia nani amebaki. Tatizo ni kwamba tukiona nani amebaki tunamkasirikia.

Na kuhusu fimbo. Kanuni ya viboko ya mwaka 2002 inasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, viandikwe kwenye kitabu, na viwe kwa kosa kubwa la nidhamu. Kosa kubwa la nidhamu! Kushindwa kusoma "walimkimbilia" ni utovu gani wa nidhamu? Sijui kama kuna mtu kati yetu aliyesoma msingi akaona kitabu hicho kikifunguliwa baada ya imla. Mimi sikukiona, na nilikuwa kiranja.

Naam, kiranja. Nilisema nimewakumbuka wa kwangu. Darasa la tano mimi ndiye niliyekuwa naandika majina ya walioshindwa kusoma kwa sauti, karatasi inakwenda kwa mwalimu, kila Ijumaa. Kulikuwa na mshikaji mmoja jina lake lilikuwa halikosekani. Nilifika mahali nikawa naliandika kabla hajasimama kusoma, ili kuokoa muda. Darasa linacheka, mimi nacheka. Na ni huyu huyu ambaye baiskeli ya mwalimu ikiharibika anaitwa yeye, anaifungua mpaka gololi ya mwisho na kuirudisha bila kubakiza kitu. Kuna mtu aliyejiuliza mjinga anawezaje hivyo? Hakuna. Alimaliza la saba, akaishia hapo.

Leo ni fundi wa bodaboda pale Holili, na ni rafiki yangu. Kwa miaka yote hii meseji zangu za maandishi hazijibu, anatuma sauti tu, nikadhani ni mambo yake ya uvivu wa kuandika (ona, neno lile lile). Wikiendi hiyo nilipopita gereji kwake alinivuta pembeni, akatoa karatasi za maombi ya leseni ya udereva. "Kaka nijazie hapa, miwani nimeisahau nyumbani." Wadau, namfahamu tangu tunavua viatu kwenda kuchunga mbuzi. Hajawahi kuwa na miwani.

Nilijaza. Sikusema kitu. Nilitamani kumwomba msamaha kwa zile Ijumaa, nikaogopa kumfungulia kidonda mbele ya vijana wake wa gereji. Mpaka leo sijamwomba.

Turudi kwa dogo. Jumatatu nilichelewa makusudi kurudi chuo nikaenda na dada shuleni. Nilikwenda nimekunja ngumi moyoni, nimkute mwalimu mkali. Nikamkuta dada mmoja aliyechoka, ana rundo la madaftari linalofika kidevuni, akanipa kiti chake yeye akakaa kwenye dawati. Nikamsalimia, nikamwomba samahani kwa kumpotezea muda, nikamweleza habari za kidole na mdomo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hesabu za mdomo huwa ananishangaza. Nilidhani ananifanyia kusudi kwenye Kiswahili." Nadhani ndicho walimu wengi wanachodhani. Ukiona mtoto ana akili huku halafu hataki kule, utasema anafanya kusudi.

Tulikubaliana mambo madogo tu. Asimsimamishe ghafla kusoma mbele ya wenzake. Maswali ya maarifa amuulize kwa mdomo, ajue kama anaelewa. Imla ampe maneno matano badala ya kumi, na muda. Na dada naye akampime dogo macho na masikio kwanza, maana kuna watoto wanaitwa wajinga kumbe ubao hawauoni. Walikwenda KCMC. Macho mazima, masikio mazima. Dada akanipigia akilia, sijui kwa furaha au kwa hofu, maana angepewa miwani angalau lingekuwa jambo lenye jina.

Dawa ya kumeza hakuna, na mtu akikuuzia mkimbie. Kinachosaidia ni kufundishwa sauti kwa mpangilio, polepole, kwa kurudia, huku mwili mzima ukishiriki. Holili hatuna vifaa, ila vumbi tunalo la kutosha. Dogo anaandika herufi kwa kidole kwenye mchanga huku anataja sauti yake. Anapiga makofi kwa kila silabi, wa-li-m-ki-mbi-li-a, makofi saba, halafu anaweka kokoto moja kwa kila kofi, halafu ndo anaandika. Neno refu tunalikata kwa penseli. Dakika kumi na tano jioni, zikiisha zimeisha. Na kila usiku mtu mmoja nyumbani anamsomea hadithi kwa sauti, kwa sababu mtoto asiyeweza kusoma haimaanishi anyimwe kilichomo vitabuni.

Nisiwadanganye, hakuna muujiza. Wiki ya tatu alisoma "ng'ombe" bila msaada, wiki ya nne akalisahau. Mwisho wa mwaka kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na dada anaogopa atarudishwa darasa akae na wadogo zake. Asiyeona anapewa karatasi ya nukta nundu, mwenye uoni hafifu anapewa maandishi makubwa, na ni haki yao. Lakini mtoto kama huyu, ambaye kwa kumtazama hana kasoro yoyote, nani atamwandikia kwamba anahitaji muda zaidi, kama hakuna aliyempima? Mkakati wa taifa wa elimu jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 ulikuwepo kwenye karatasi. Kenya, hapo tu ng'ambo ya geti, walianza vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu tangu 1984, na Kitengela kuna shule, Rare Gem Talent, iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wenye disleksia. Sisemi kwao ni peponi. Nasema inawezekana.

Sisi nasi tunacho Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Kama kuna msomaji aliyepita pale, au ana shangazi, kaka, jirani aliyepita pale, naomba anitafute. Nataka mtu anayejua kazi hii amwone dogo kabla ya mwezi wa kumi, mimi ni mtu wa slaidi mbili tu. Nauli ya kumpeleka nitaitafuta, bumu likitoka. Na ninyi mnaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao: kidato cha kwanza mtawakuta hawa, wamevuka kwa kukariri, na sasa karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza, lugha ya herufi zisizotamkwa. Waangalieni vidole.

Jumapili iliyopita dada alinipigia picha ya karatasi aliyoiandika dogo mwenyewe, bila kuambiwa. Imekatwa kwa mistari ya penseli katikati ya silabi, kama tulivyofundishana. "Mjo/ba u/ki/ja le/ta mpi/ra." Ile "m" ya katikati ya mjomba imeruka, sikuisahihisha. Kesho baada ya kipindi cha saa nne napita Memorial kuuliza bei ya mpira.